Kasoro Kwanza, Sifa Baadaye

Waliponiaga kiwandani mwezi uliopita walinipa saa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu ambaye ndiyo kwanza hana sababu ya kujua ni saa ngapi. Wadogo zangu wa meza ya kuonja wakaniomba kitu kingine: niandike nilivyojifunza kazi. Kwa Kifaransa nimekwisha kuandika karatasi za kujaza kabati mbili. Haya nayaandika kwa Kiswahili, kwa ajili yenu mliotoka kwetu, kwa sababu kosa kubwa la maisha yangu ya kazi nililifanya kwa adabu ya nyumbani, na aliyenisahihisha alinisahihisha kwa Kiswahili. Nani alipanda cheo mwaka gani sitasema. Waliopanda wanakumbuka wenyewe.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Kilikuwa kiwanda kidogo cha bia huku Ubelgiji, karibu na mfereji: matangi sita, ghala ya chini yenye baridi, na ua ambamo kreti zilipangwa hadi kwenye madirisha ya jirani, naye jirani akilalamika kila Jumatatu. Mwenye mali alikuwa mjane, Madame Godelieve, mwanamke mrefu wa maneno machache, aliyevaa buti za mpira hata siku za wageni. Mimi nilikuwa nimetoka Bukavu na sanduku moja na diploma ya ualimu ambayo hakuna aliyeomba kuiona. Nilipewa kazi ya chupa zinazorudi kutoka kwa wateja.

Siku ya kwanza nilijiandaa inavyopasa. Nilijipaka mafuta ya nazi, nikajipulizia manukato niliyopewa na dada yangu, nikapanda tramu nikinukia kama harusi. Nikiwa nangoja mlangoni nilianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, kujipa moyo. Kutoka nyuma ya matangi sauti nzito ya mwanamume ikaitikia mstari wa pili. Kisha akatokea mzee wa kwetu mwenye aproni ya mpira, akanisogelea kwa furaha, halafu akasimama ghafla hatua tatu kabla hajanifikia.

"Mama, unaenda ku mariage ao unakuja ku kazi?"

"Ku kazi, papa."

"Weye wa wapi?"

"Bukavu, papa."

"Nilijua. Watu ya Bukavu, maneno yenu matamu na mafuta yenu mingi. Bon. Kwenda unawe mikono na shingo, na ile savon haina harufu. Hapa pua njo mashini yetu. Mashini haivalaka parfum."

Ndivyo nilivyofahamiana na Papa Anselme. Alikuwa mtu wa Lubumbashi, alifundishwa kazi ya bia hukohuko kwao, akaletwa Ubelgiji kwa mafunzo ya mwaka mmoja, mwaka ukaisha, yeye akabaki. Alikuwa mtu wa ghala ya chini: kusafisha matangi, kuhamisha bia kwa mipira ya bomba, kutega sikio kwenye tangi asikie kama hamira bado inafanya kazi. Aliijua kila bia yetu kuliko walioipika, lakini yeye mwenyewe hakuwa amepika hata moja. Ukutani, katika chumba cha kupikia, kulikuwa na ubao mweusi. Kila pishi liliandikwa kwa chaki, na pembeni jina la mpishi. Nilikaa mwezi mzima kabla sijagundua kwamba Papa Anselme akipita hapo na mpira wake begani, haangalii upande ule.

Chupa zinazorudi ni shule. Watu huzitumia kwa mambo yao kabla ya kuzirudisha: mafuta ya taa, rangi, siki, dawa ya kuulia wadudu. Mashine huosha uchafu, haioshi harufu. Kwa hiyo nilinusa kila chupa kabla haijaingia kwenye mashine, na zile mbaya nikazitenga. Moja ilikuwa na barua ya mapenzi ndani, ambayo niliisoma yote kwa sababu za kikazi. Hakuna aliyeniambia ninuse. Mama yangu kule Walungu, kijijini kwetu nje ya Bukavu, hakuwahi kumimina kitu katika chombo ambacho hajakinusa, na mimi sikujua kwamba kuna watu wanaofanya vingine. Siku moja Madame Godelieve akasimama nyuma yangu, akanusa chupa kumi nilizozitenga, moja baada ya nyingine, akaondoka. Alhamisi iliyofuata aliniita kwenye meza.

Meza ya kuonja ilikaa kila Alhamisi saa nne na nusu asubuhi, kabla ulimi haujachoshwa na chakula. Tulikuwa watatu: Madame, mpishi mkuu aliyeitwa Luc, na mimi. Vifaa vyenyewe havitishi mtu. Glasi zilizooshwa kwa maji matupu na kuanikwa zikiwa zimepinduliwa. Mkate mkavu, maji ya bomba, penseli. Na karatasi ya kuonjea, fiche, yenye mistari mitano: rangi, povu, harufu, kinywani, mwisho. Chini yake nafasi moja pana imeandikwa kasoro. Glasi zilikuwa na herufi, si majina, ili usijue unamhukumu nani. Mpishi wa bia inayoonjwa hakuruhusiwa kuionja siku hiyo, na kama ni bia ya Luc, Luc alitoka nje akavuta sigara mbili.

Mwanzoni sikuwa na maneno. Wenzangu walisema nyasi kavu, ganda la mkate, karafuu, wakaandika haraka haraka. Mimi nilisikia mambo yote mdomoni na sikuwa na jina hata moja la Kifaransa. Nilimwendea Papa Anselme ghalani karibu nilie. Akaniambia, "Andika ile yenye unakumbuka. Kama ni ndizi ya mama yako, andika ndizi ya mama yako. Kifaransa itakuja nyuma, iko na miguu." Nikaandika hivyo. Vumbi la barabara mvua ikianza. Shuka lililoanikwa juani. Ngozi ya ndizi iliyosahauliwa dirishani. Luc alicheka wiki mbili, wiki ya tatu akaniuliza ngozi ya ndizi ya siku ngapi.

Kuna mchungaji wetu mmoja aliyesikia kwamba dada Faida anakunywa pombe kila Alhamisi asubuhi, akaja kuniombea. Akanishauri niwe natema, kama waonjaji wa mvinyo. Nilimweleza kwamba uchungu wa bia hukaa nyuma kabisa, mtu asipomeza haujui. Alifikiri, akasema basi nimeze kidogo. Ndivyo nilivyofanya miaka yote, na naamini jambo hilo limesamehewa.

Sasa niwaeleze adabu ya kwetu, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu. Mama alipika kasiksi, pombe ya ndizi. Wageni wakishakaa, alishika mrija akanywa wa kwanza mbele ya macho yao, wajue hakuna sumu. Baada ya hapo hakuna aliyesema vibaya juu ya pombe ya mwenyeji, sembuse mwenyeji mkubwa kwa umri. Kama imeharibika, watu walikunywa kidogo, wakafuta midomo, wakasema, "Mwaka huu ndizi hazikupata jua." Lawama zote zilibebwa na ndizi. Mama alielewa, akacheka na wageni wake, na kesho yake alfajiri akawa anasugua vyombo vyote upya.

Mwaka wangu wa tatu, Madame Godelieve aliamua kurudisha bia ya zamani ya nyumba yao, bia ya mashambani. Hii ni bia waliyokuwa wakipika wakulima wakati wa baridi, wakati hakuna kazi shambani, ikangojea katika chupa mpaka kiangazi, wakanywa wavunaji wenye kiu. Lazima iwe kavu, nyepesi, yenye kukata kiu, na hamira yake hupenda joto ambalo lingeua bia nyingine. Luc hakuipenda, alisema ni bia isiyotabirika. Papa Anselme akavua kofia, akasema mbele ya wote kwamba yeye angeijaribu. Alikuwa amebakiza miaka michache tu astaafu. Madame akasema: pishi moja, baridi hii, na meza ya kuonja ndiyo itakayoamua.

Siku aliyopika, Luc mwenyewe aliandika jina lake kwenye ubao. Papa Anselme alilisoma, akaniita nilisome na mimi, kana kwamba huenda amekosea. Majuma yaliyofuata alikuwa mtu mwingine. Maganda ya machungwa machungu aliyokuwa ameyakausha kwa ajili ya bia yake juu ya radiata ya chumba cha kubadilishia nguo yalitunukisha sote, na hakuna aliyelalamika.

Ikafika Alhamisi yake. Glasi tatu, A, B na C. Niliijua B kabla sijaiinua, kwa sababu ya yale maganda. Rangi ya majani makavu, ukungu kidogo. Povu refu, jeupe, lililokataa kushuka. Harufu ya pilipili manga na ghala la nyasi. Kinywani ilianza vizuri sana, nikafurahi. Halafu mwishoni, kule nyuma, kikaja kitu chembamba: maji ya muhogo uliolowekwa siku moja zaidi. Kila mwanamke wa kwetu anayajua maji hayo.

Madame alikuwa na mafua, hakusikia kitu. Luc alikunywa mara mbili, akakunja uso. "Kuna ukali kidogo, non? Au bia za mashambani ndivyo zilivyo?" Wote wawili wakaniangalia mimi. Mlango wa chumba ulikuwa wa kioo, na nje yake Papa Anselme alikuwa akikunja mpira wa maji ambao ulikuwa umekwisha kukunjwa.

Nikaandika: Safi. Ukali wake unapendeza. Penye nafasi ya kasoro nikaandika: hakuna.

Bia ikatiwa kwenye chupa, ikafungwa vizibo na waya, ikalazwa kwenye chumba chenye joto. Mwezi wa sita Madame aliwaalika wenye mikahawa aliowauzia kwa miaka mingi, waje kuona chupa ya kwanza ikifunguliwa katika mkahawa mmoja kwenye uwanja wa Flagey, siku ya soko. Papa Anselme alikuja na suti ya kahawia na tai, na mke wake Maman Charlotte akiwa na kitenge kipya. Alifungua chupa mwenyewe. Kizibo kiligonga dari, povu likatoka, na halikukoma. Lilitembea juu ya kitambaa cha meza likamwagikia viatu vyake. Watu walicheka, wakidhani ni shangwe. Chupa ya pili ikafanya vilevile. Ya tatu aliwahi kuimimina. Mzee mmoja mwenye mkahawa akainusa, akairudisha mezani bila kuinywa. Hakuna aliyesema lolote juu ya ndizi.

Chupa zote zilirudi kiwandani kumwagwa. Luc alitaka kuwaita vibarua, Papa Anselme akasema atamwaga mwenyewe. Nikaenda kumsaidia. Tulikaa uani kwenye kreti zilizogeuzwa, karibu na mtaro, tukifungua na kumwaga, siku tatu. Siku ya kwanza alifungua tu na kumwaga. Siku ya pili alisema kidogo juu ya hali ya hewa. Siku ya tatu, bila kuinua macho, akaniuliza.

"Faida, ile jeudi, ile Alhamisi yenye mulionja. Weye ulisikia nini?"

"Papa..."

"Nakuuliza tu."

"Nilisikia muhogo, papa. Maji ya muhogo."

"Ile siku?"

"Ile siku."

Akamwaga chupa mbili nzima kabla hajajibu. "Na haukusema."

"Weye ni mukubwa, papa. Nilikuwa nakuheshimu."

"Hapana, mwanangu. Ungeniheshimu ungenipatia kweli. Ningetafuta kwenye ile muhogo imeingilia, ningemwaga, ningepika ingine. Baridi ilikuwa ingali. Weye ulinihurumia. Mutu ya kuhurumiwa, hapana, haipikake bia."

Nililia. Sikujificha, nililia kama mtoto, machozi yakaanguka kwenye mikono iliyonuka bia chachu. Yeye akachukua chupa niliyokuwa nimeishika, akaimwaga, akaniwekea mkono begani.

"Bon, lia. Na mimi niko na yangu. Ile tuyau ya zamani, ile mupira ya kupitisha bia, nilijua imezeeka ndani. Nilikuwa na haraka ya kuona jina ku ubao. Donc tuko babili." Akafungua nyingine. "Lakini tangu leo, kasoro kwanza, sifa nyuma. Juu mutu mwenye hajasikia kasoro yake, hata umupatie sifa namna gani, haiingie."

Siku hiyohiyo nilipanda ngazi kwa Madame Godelieve nikamweleza yote. Nilisema mimi ndiye niliyejua na ndiye niliyenyamaza. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: kama ningenyamaza pia kwa ajili ya bia ya Luc. Nikasema hapana. Akasema basi nirudi kwenye chupa, na meza ya kuonja ikae bila mimi. Kuhusu Papa Anselme, alisema atapata baridi nyingine moja. Sijawahi kupokea adhabu kwa furaha kiasi kile.

Baridi iliyofuata alipika tena, kwa mipira mipya, na kila kiungo cha bomba alikifungua akakitia kidole na pua. Mimi niliishia kumsikiliza wakati wa chakula. Lakini sauti yake ilikuwa inakwaruza, na mwezi wa pili ikawa mnong'ono. Madaktari waliona kitu kooni. Bia ilipoingia kwenye chupa, yeye aliingia hospitalini, akachomwa kwa miale, na miale ikachukua ladha yote mdomoni mwake. Alirudishwa nyumbani kwake Ganshoren mwishoni mwa majira ya kuchipua, amekonda, shingo imekuwa nyeusi, akili zake zote mahali pake.

Madame na Luc walikuwa wameipitisha bia ile kabla ya kutiwa kwenye chupa, kwa karatasi zenye maneno machache ya tahadhari. Walikuwa wamekwisha kuumwa na nyoka. Mwezi wa sita Madame akaniita, akanipa chupa moja, glasi mbili zilizofungwa katika taulo, na fiche tupu. "Anselme amenitumia salamu," alisema. "Ya kwanza ifunguliwe kwake, na uionje wewe. Ukirudi na sifa tupu, bia hii siiuzi."

Nilipanda basi la Ganshoren nimeikumbatia chupa ile kifuani ili isitikisike. Njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu iwe nzuri. Halafu nikaona kwamba hilo halitoshi. Hata ikiwa nzuri, Papa Anselme hakuwa na ulimi wa kujua, na mtu pekee aliyetaka amwambie ni yule aliyekwisha kumdanganya. Kama neno langu lisingemwingia, bia yake ingekuwa nzuri kwa watu wote isipokuwa yeye.

Maman Charlotte alinifungulia, akanikumbatia kwa nguvu. "Ingia, mama, anakungojea tangu asubuhi. Alivala hata shati." Papa Anselme alikuwa ameketi karibu na dirisha, blanketi magotini. Alinipa ishara nivute kiti karibu, kwa sababu sauti yake haikufika mbali.

"Faida. Mu kinywa yangu sasa yote ni sawa karatasi. Supu, karatasi. Mukate, karatasi." Alipumzika. "Na maneno vilevile. Docteur anasema ça va aller, itakuwa muzuri. Pasteur anasema ça va aller. Hata Charlotte, mara makumi kwa siku. Hakuna mutu ananiambia kweli tena. Donc sema weye."

Nilifungua chupa. Kizibo kilitoka kwa pumzi moja, hakikugonga kitu. Nikamimina glasi mbili, povu likapanda, likasimama. Alichukua yake akaishika kwa mikono miwili. Hakuinywa. Aliisogeza sikioni, kama alivyokuwa akisikiliza matangi, akafumba macho. Mimi nikafanya kama mama: nikanywa wa kwanza, mbele ya macho ya mwenye nyumba.

Nataka mjue hilo lilikuwa gumu kiasi gani. Nilikuwa mbele ya mgonjwa, mzee wangu, ambaye huenda asione kiangazi kingine, na bia ile ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa nzuri kupita bia yoyote niliyowahi kuonja kwenye meza ile. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema nzuri, papa, nzuri kabisa, nikae kimya hapo. Nikanywa tena. Nikachukua penseli.

"Iko na kasoro, papa."

Maman Charlotte aliniangalia kana kwamba nimempiga mumewe. Yeye hakufumbua macho. "Sema."

"Ganda ya chungwa, ulitia mingi. Mu mwanzo inafurahisha. Ku mwisho inafunika pilipili, na inaacha uchungu ya ngozi, si uchungu ya houblon, ile maua ya bia. Inabakia ku ulimi kupita bia yenyewe."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa, mpaka nilipoona kwamba anacheka. Alicheka bila sauti, machozi yakamtoka.

"Nilitia mingi," alinong'ona. "Charlotte, unasikia? Nilitia konzi moja ya zaidi. Nilikuwa na furaha, mukono ikapita. Hakuna mwenye aliona. Nilikuwa peke yangu." Alifumbua macho akanitazama, akajipangusa kwa ncha ya blanketi. "Bon. Sasa niambie sifa. Sasa nitaamini."

Nikamwambia. Nilimwambia kwa Kiswahili, polepole, na yeye akawa anaitikia kwa kichwa baada ya kila neno kama mtu anayekula. Kwamba rangi yake ni ya majani ya mpunga yakishavunwa. Kwamba povu linashika glasi na kuacha alama baada ya kila funda. Kwamba harufu inakuja mara tatu: nyasi kwanza, halafu pilipili manga, halafu kitu cha baridi na safi, asubuhi ya Walungu kabla ukungu haujaondoka. Kwamba ni kavu bila kuwa na ubahili, na ukishameza unajikuta una kiu pungufu kuliko ulivyokuwa, na hamu zaidi kuliko ulivyokuwa. Kwamba hakuna muhogo. Nilitafuta muhogo mara nne, papa, hakuna.

"Hakuna muhogo," alirudia.

"Hakuna hata kidogo."

Aliweka glasi magotini, akakaa hivyo akitazama povu likishuka. Maman Charlotte alikuwa amemshika mkono. "Andika," Papa Anselme aliniambia baadaye. "Na ile konzi, uandike. Mwaka unakuja mutapunguza."

Niliandika. Madame Godelieve alisoma fiche ile akiwa amesimama, akaanzia chini kwenye kasoro, akapanda juu. Bia ikauzwa kiangazi chote, na Alhamisi iliyofuata kiti changu kilikuwa mezani. Papa Anselme alifariki majani yalipokuwa yakianguka. Tuliimba ule wimbo wa siku yangu ya kwanza, na mstari wa pili ulinishinda.

Nimeonja miaka mingi baada ya hapo, na nina mengi ya kuwaambia juu ya glasi, hamira na wapishi wenye kiburi. Lakini mliniuliza nilivyojifunza, na nilijifunza hapo. Mkikaa kwenye meza ile, msimhurumie mtu. Mpeni kasoro yake mkononi, kwa upole, huku mmemtazama usoni, halafu mpeni sifa zake zote, msizibanie.

Baridi iliyofuata Luc alipika bia ya mashambani kwa karatasi za Papa Anselme, akapunguza konzi moja ya maganda, na kwenye ubao akaandika jina la Anselme, si lake. Alhamisi yake ilipofika niliivuta glasi, nikanusa, nikanywa, nikangoja. Nikanywa tena. Madame alikwisha kumaliza, akaosha glasi yake, akamfuata Luc aliyekuwa nje na sigara zake. Mimi nilibaki peke yangu na penseli mkononi, nikitafuta kasoro hata moja ya kumpelekea Papa Anselme.